Venezia, mji wa magogo na farasi wa watu

Nimeadimika, najua, na wapo walioniandikia kuuliza kama baridi ya Padova imeshanimeza. Bado haijanimeza. Ni masomo tu, na ripoti ya mazoezi ya msituni ambayo mwalimu ameirudisha mara mbili. Lakini leo siandiki habari za kampasi. Novemba 21 nilikwenda Venezia, na kila nikipiga simu Lindi swali la kwanza ni hilo hilo, "Umeshafika ule mji wa kwenye maji?" Haya, nimefika.

Kutoka Padova ni karibu, nusu saa hivi kwa treni ikiwa haisimami simami njiani. Tulikwenda wawili, mimi na dada mmoja Mhabeshi ninayesoma naye misitu hapa chuoni. Kwao ni Adwa. Mliosoma historia mnajua Adwa ni wapi na Waitaliano walipata nini pale mwaka 1896, kwa hiyo mkae mkijua kwamba nilikuwa natembea na mtu ambaye hakwenda kushangaa tu.

Treni ikishaacha bara inaingia kwenye daraja refu linalokatiza maji. Daraja hilo la reli lilifunguliwa 1846, na la magari likajengwa ubavuni mwake likafunguliwa 1933. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka elfu moja, hukuweza kuingia Venezia ila kwa chombo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa. Miji mingi ya zamani ya Ulaya imezungushiwa boma la mawe, hata Padova yetu hii unalikuta boma lake, lakini Venezia haina. Maji yalikuwa ndiyo boma. Na si bahari ya kina, ni lagoni, maji ya chumvi yaliyokingwa na visiwa vyembamba, kina chake sehemu nyingi mtu mrefu anasimama, na chini ni tope. Mgeni asiyejua mikondo anakwama. Wenyewe wana jadi kwamba mji ulianzishwa Machi 25 mwaka 421, tarehe kabisa, kama cheti cha kuzaliwa! Wanahistoria hawaikubali. Wanachosema ni kwamba watu wa bara walihamia visiwani polepole wakiwakimbia wavamizi, hasa Walombardi walioingia Italia mwaka 568, na kule wakaishi kwa samaki na chumvi. Wakimbizi, kwa lugha ya leo.

Sasa niruhusuni kidogo niongee kama mtu wa misitu, maana hapa ndipo nilipochelewesha safari nzima. Mji huu umesimama juu ya miti. Nyumba zile za mawe na marumaru unazoziona kwenye kalenda, chini yake kuna magogo yaliyopigiliwa kwenye tope, yamebanana, juu yake mbao, juu ya mbao jiwe gumu la kutoka Istria, ndipo ukuta unaanza. Chini ya kanisa moja tu, Santa Maria della Salute, hesabu ya jadi ni magogo zaidi ya milioni moja. Mtu anauliza, mbona hayaozi? Kwa sababu fangasi wanaoozesha mti wanahitaji hewa, na kule chini kwenye tope lililojaa maji hewa hakuna. Kuna bakteria wanaokula mti hata pasipo hewa, lakini kazi yao ni ya taratibu mno, ya karne na karne. Adui mkubwa ni pale gogo linapolowa na kukauka, likalowa na kukauka. Wajenzi wetu wa pwani waliosimika nguzo za mikoko wanalijua hilo bila kwenda chuo.

Na miti ilitoka wapi? Ilitoka milimani, huko Cadore, ikishushwa kwa mto Piave ikiwa imefungwa kama chelezo. Nilikuwa sijui, mpaka nilipokuja kusoma hapa, kwamba Venezia ilikuwa na sheria kali za misitu kuliko nchi nyingi za leo. Msitu wa Cansiglio, mwaka 1548, uliwekwa chini ya Baraza la Watu Kumi, chombo cha kutisha ambacho kazi yake hasa ilikuwa usalama wa dola, na kazi ya msitu ikawa moja, kutoa miti ya makasia. Yaani kukata mti pale ulikuwa unachezea jeshi la majini. Mialoni ya Montello nayo ilikuwa ya mbao za merikebu. Yote hayo yalikwenda Arsenale, karakana yao ya merikebu iliyozungushiwa ukuta, ambayo ilipokuwa kileleni iliajiri maelfu ya mafundi na iliunganisha jahazi la kivita kwa vipande vilivyotengenezwa tayari. Inasimuliwa kwamba mfalme Henri III wa Ufaransa alipotembelea mwaka 1574 waliunganisha jahazi zima wakati yeye anakula karamu. Sisi tulilipita lango lake na simba wake wa mawe, dada akasema, "Simba wenyewe wamewaleta kutoka wapi?" Wakubwa wao wametoka Ugiriki, wamechukuliwa kama nyara baada ya vita vya 1687. Akatikisa kichwa. Siku yetu ilianza hivyo.

Kwa anayetaka picha ya mji wenyewe, waliofika Lamu wataelewa haraka. Vichochoro ambavyo watu wawili wenye mizigo wanapishana kwa kuombana radhi, kuta ndefu, ghafla unatokea kwenye uwanja mdogo wenye kisima. Hakuna gari hata moja. Ila hapa hata punda hakuna. Takataka zinabebwa kwa boti, saruji kwa boti, mgonjwa kwa boti, maiti kwa boti. Daladala yao ni vaporetto, na inasukumana asubuhi kama Kariakoo, msidanganywe na zile gondola za kwenye filamu. Gondola ni ya wageni wenye pesa, mwanafunzi anaitazama.

Tukafika uwanja wa San Marko. Kanisa lile, nisiwadanganye, nilisimama nikanyamaza. Makuba matano, mozaiki za dhahabu ndani kutoka juu mpaka karibu na kichwa chako. Jengo la sasa lilianza 1063 na likatabarukiwa 1094. Lakini kilichonishika si uzuri, ni hadithi ya jinsi lilivyopatikana. Mwaka 828 wafanyabiashara wawili wa Venezia walikuwa Aleksandria, Misri, ambako kaburi la Mtakatifu Marko mwinjili liliheshimiwa kwa karne nyingi. Wakauchukua mwili. Ili maofisa wa forodha wa Kiislamu wasifungue kapu, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe. Maofisa walipochungulia wakageuka kwa kinyaa, mzigo ukapita.

Unaweza kusema hadithi za zamani tu hizo. Lakini wenyewe wameichora! Upande wa kulia karibu na altare kuu, juu darini, kuna mozaiki ya karne ya 12 inayoonyesha tukio hilo, na maandishi yake ya Kilatini hayazungushi maneno. Kitenzi walichotumia ni kuiba. Hawakusema walimhamisha, wala walimwokoa. Walimwiba Marko, imeandikwa kwa dhahabu kanisani. Na maofisa wa forodha wanapiga kelele neno moja ambalo msanii ameliandika kama alivyolisikia, "kanzir". Niliposoma maelezo kwenye kitabu cha mwongozo nikacheka peke yangu. Ni Kiarabu, khinzir, na sisi wa pwani tunalo, hanziri! Shingo iliniuma kwa kutazama juu, lakini nilijisikia kama nimekutana na mtu wa nyumbani mahali nisipotegemea.

Kwa nini waliiba? Si kwa ibada peke yake. Mji mpya wa wakimbizi haukuwa na mtume wala kaburi la mtakatifu mkubwa, wala historia ya Kirumi kama majirani zake. Mlinzi wao wa mwanzo alikuwa Mtakatifu Theodoro, mtakatifu wa Kigiriki, na hiyo ilikumbusha watu kwamba Venezia ni kijakazi wa Konstantinopoli. Kupata mwinjili mzima kulibadilisha cheo. Simba wa Marko akawa bendera, sarafu, na muhuri wa dola mpaka mwisho. Kwa hiyo unaweza kusema dola yote ilisimama juu ya magogo ya watu wa milimani na mwili wa mtu wa Aleksandria.

Sasa farasi. Juu ya mlango mkuu wa kanisa wamesimama farasi wanne, mguu mmoja umeinuliwa, kama wanataka kutoka. Wale wa nje ni nakala, wa kweli wameingizwa ndani kwenye makumbusho ya ghorofani tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya hewa chafu. Ukiwasogelea unaona shaba yenye mikwaruzo na dhahabu iliyobaki baki. Hawa walitoka Konstantinopoli, kwenye uwanja wa mbio za magari ya farasi, na namna walivyotoka ni hadithi ya deni.

Mwaka 1201 wakuu wa Vita vya Msalaba walikuja Venezia kukodi merikebu. Wakasaini mkataba wa kusafirisha watu 33,500 kwa marki 85,000 za fedha. Venezia ikasimamisha biashara zake ikajenga merikebu. Mwaka uliofuata wakafika kama theluthi tu ya watu waliotajwa, na pesa haikutosha. Wakachangishana mpaka vyombo vya mezani, bado zilipungua marki 34,000. Doge wakati huo alikuwa Enrico Dandolo, mzee sana na kipofu. (Doge ndiye mkuu wa dola, anachaguliwa, anatawala mpaka kufa.) Mzee akawaambia, basi lipeni kwa kazi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuuteka mji wa Zara, Kroatia ya leo, mji wa Wakristo wenzao uliokuwa umeiasi Venezia. Wakauteka Novemba 1202. Papa Innocent III akawatenga na kanisa. Kisha akatokea mwana wa mfalme wa Konstantinopoli aliyepinduliwa babake, akaahidi mapesa akirudishwa, wakaenda, akarudishwa, pesa hana. Aprili 1204 wakaubomoa na kuupora mji mkubwa kuliko yote ya Kikristo. Watu waliotoka kwao kwenda kuikomboa Yerusalemu! Dandolo alikufa mwaka uliofuata akazikwa kule kule, ndani ya Hagia Sophia.

Ukizunguka kanisa la San Marko kwa nje baada ya kujua hayo, unaliona kwa jicho jingine. Nguzo nyingi, vibao vya marumaru, vito vya hazina ya ndani, mali ya 1204. Kwenye kona ya kusini kuna wafalme wanne wa Kirumi wamekumbatiana wawili wawili, wamechongwa kwenye jiwe gumu la zambarau. Mmoja mguu wake ni mweupe, wa kubandika. Mguu wa asili ulipatikana Istanbul mwaka 1965, wachimbaji wa mambo ya kale wakiufukua, na uko kwenye makumbusho kule. Hebu fikirini, sanamu iko Venezia na kisigino kiko Istanbul, na kila upande umekalia chake.

Tukiwa mbele ya farasi dada akamsogelea mlinzi wa chumba, mzee wa makamo mwenye sura ya upole, akamuuliza kwa Kiitaliano chake kizuri kuliko changu, "Mtawarudisha lini?" Mzee hakukasirika. Akasema, "Kwa nani, binti? Wenyewe hawapo." Kisha akatusimulia habari za Napoleon, nadhani kutupoza. Kwamba Mei 12, 1797 Baraza Kuu lilipiga kura ya kujifuta lenyewe, dola ya miaka elfu ikaisha mchana mmoja, na Wafaransa wakawashusha farasi wakawapeleka Paris wakawapandisha juu ya lango la ushindi. Mji ulilia. Mwaka 1815, Napoleon alipokwisha kushindwa, farasi wakarudishwa kwa sherehe. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mnajua uchungu wake."

Hapo mimi sikutia neno, ila nilielewa anasema nini. Nguzo ya Aksum, jiwe moja la mita 24, ilichukuliwa na jeshi la Mussolini mwaka 1937 ikasimamishwa Roma, mbele ya jengo ambalo baadaye likawa makao makuu ya FAO, ambayo sisi watu wa misitu tunasoma ripoti zake kila siku. Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia irudishe mali za Ethiopia. Ilirudi 2005, kwa ndege, vipande vitatu, na ikasimamishwa tena 2008. Karibu miaka sitini ya "tutarudisha". Yeye alikuwa mtoto, mama yake alimpeleka kuiona ikiwa bado na vyuma vya mafundi pembeni, anakumbuka umati na vumbi. Kwao jibu la "kwa nani" lilikuwa rahisi, wenyewe walikuwepo wamesimama wanangoja.

Kwenye ngazi akanigeukia mimi. "Na nyinyi je?" Jamani, mimi mtu wa Lindi. Mnajua kuna Tendaguru. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, na mafupa ya wanyama wakubwa wa kale, tani zaidi ya mia mbili, yalibebwa na wapagazi vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Yule mkubwa kabisa amesimama Berlin kwenye makumbusho, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Alisimamishwa 1937, mwaka ule ule wa nguzo ya Aksum. Nikamwambia kwamba kwetu watu wengi hawajui hata kama yupo, na wanaojua wanabishana, wengine wanasema arudishwe kesho, wengine wanauliza tutamweka wapi, nani atalipa umeme wa jumba la ukubwa huo.

Akasema hilo la wapi mtamweka ni "kwa nani" ya yule mzee, limevaa nguo nyingine tu. Nimelifikiria tangu siku hiyo. Nadhani ana haki kwa sehemu kubwa. Swali la jumba ni la kweli, sikatai, mifupa ya miaka milioni 150 haihifadhiwi kwenye stoo ya halmashauri. Lakini ni swali la mwenye mali, mwenye mali ndiye anapaswa kulijibu kwa wakati wake, si la kuulizwa na aliyeshika. Na kati ya kurudisha vyote na kutorudisha chochote kuna mambo mengi ya katikati ambayo hayahitaji ndege. Kwa mfano nakala kamili isimame Lindi, wanafunzi wetu wafundishwe kazi hiyo kwa mafupa yale yale, mapato ya tiketi yagawanywe, na wapagazi watajwe. Papa Paulo VI mwaka 1968 aliwarudishia Wakopti wa Misri sehemu ya masalia ya Marko, leo yako Kairo. Hawakurudisha yote, kanisa la Venezia halikuanguka, na Wamisri hawakusema kidogo hicho hatukitaki. Dada haafiki. Anasema nusu ya mwili ni nusu ya wizi. Tulibishana mpaka kwenye foleni ya choo.

Jumba la doge lipo ubavuni mwa kanisa. Nitapita haraka, ingawa lenyewe ni kubwa. Kumchagua doge kuanzia 1268 kulikuwa kama mchezo wa kuchosha watu makusudi. Mtoto mdogo wa kiume anaokotwa nje uwanjani, anachota vijipira, waliobahatika wanachagua wengine, hao wanapunguzwa kwa bahati nasibu, wanachagua wengine tena, duru baada ya duru, mpaka wanapatikana 41, na doge anahitaji kura 25. Ukipanga kuhonga hujui umhonge nani. Ukutani kuna vinywa vya simba vya mawe, vya kutumbukizia barua za kumshitaki mtu kwa siri. Zile zisizo na jina zilikuwa na masharti magumu zaidi kabla ya kushughulikiwa, jambo ambalo waongoza wageni huwa wanalisahau kwa sababu linaharibu utamu. Na kwenye ukumbi wa Baraza Kuu, katika safu ya picha za madoge, moja imechorwa kitambaa cheusi tu. Ni ya Marino Faliero, aliyetaka kujifanya mfalme akakatwa kichwa 1355. Hawakumfuta, walimwachia nafasi yake iliyo nyeusi ili kila doge mpya aione.

Upande wa pili wa uwanja, kwenye makumbusho ya Correr na maktaba ya Marciana, ndiko iliko ramani ya Fra Mauro, mtawa aliyeichora karibu mwaka 1450 katika kisiwa cha San Michele. Ni duara kubwa la mita mbili na zaidi, na kusini iko juu, kwa hiyo Afrika inakaa kichwani na Ulaya inaning'inia chini kama soksi. Nilipenda! Ameonyesha bahari ikiizunguka Afrika kusini, miaka karibu arobaini kabla Bartolomeu Dias hajaupita ncha yake, na ameandika Xengibar. Alijuaje? Kwa upande wa Ethiopia mwenyewe anaeleza kwamba alipewa habari na watu wa huko, makasisi waliokuwa wamefika Italia, ambao walimchorea majimbo na mito yao kwa mikono yao. Dada alisimama pale kuliko mahali pengine pote siku ile. Hakuna aliyeporwa kwenye ramani ile. Watu waliulizwa, wakajibu, na mtawa akaandika kwamba aliambiwa na wenyewe. Alipiga picha moja tu siku nzima, ilikuwa hiyo.

Tarehe yetu haikuwa ya bahati. Novemba 21 ni sikukuu ya Salute. Mwaka 1630 tauni iliingia, na mpaka mwaka uliofuata watu wapatao 46,000 walikuwa wamekufa mjini, karibu theluthi ya wakazi. Seneti ikaweka nadhiri ya kujenga kanisa. Ndilo hilo la magogo milioni, lilianza 1631 na likatabarukiwa 1687, msanifu wake Longhena akiwa amekwisha kufa miaka mitano kabla. Kila mwaka siku hiyo wanatandika daraja la muda juu ya mfereji mkuu, na wakazi wa kweli wa Venezia, bibi na wajukuu, wanavuka kwenda kuwasha mshumaa. Wanakula castradina, mchuzi wa nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi na kabichi. Tulipewa kisahani na mama mmoja muuzaji, baada ya kutusikia tunabishana kuhusu bei. Chumvi yake! Lakini kwa baridi ile ilikuwa dawa.

Na neno karantini, tulilolijua wote vizuri mwaka 2020, limezaliwa hapa. Dubrovnik ndio walioanza kuzuia wageni, siku 30, mwaka 1377. Venezia ikajenga mwaka 1423 kisiwa kizima cha wagonjwa, Lazzaretto Vecchio, na siku zikawa arobaini, kwa Kiitaliano quaranta. Kutoka kwenye boti unaviona visiwa hivyo kwa mbali. Mimi nilikumbuka Changuu, Unguja, ambako jela iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 haikufunga wahalifu, ikawa mahali pa kuwatenga abiria wa merikebu kwa ajili ya magonjwa. Watalii wanaokwenda kulisha kobe sidhani kama wanaambiwa wazo lilisafiri kutoka wapi.

Murano hatukukaa sana, giza lilikuwa linaingia. Ni kisiwa cha vioo, mafundi walihamishiwa huko mwaka 1291 kwa hofu ya moto wa tanuri kuunguza mji wa mbao. Nilitaka kuona shanga. Katika karne ya 19 shanga za Venezia ziliingia Zanzibar kwa mizigo, zikapanda bara na misafara mpaka Ujiji, zikiwa ndiyo pesa ya njiani. Burton aliyepita njia hiyo 1857 aliorodhesha aina nyingi kwa majina ya Kiswahili. Nyekundu za samesame zilisakwa kuliko zote, wakiziita pia kivunja-mji, kwa sababu mwanamume angeuza kila kitu ili mkewe azipate. Aina ikipitwa na wakati kijiji fulani, mzigo wako wote ni changarawe. Na kwa shanga hizo zilinunuliwa pembe, na watu. Kwenye kabati la duka nikaziona, ndogo, nyekundu, moyo mweupe ndani. Bei yake sasa ni ya watu wanaokusanya vitu vya kale, nikazitazama nikazirudisha.

Kivunja-mji cha Venezia ya leo ni sisi wageni. Mwaka 1951 visiwa vya mji wa kale vilikuwa na watu kama 175,000. Tangu 2022 wamepungua chini ya 50,000, na karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa ambalo tangu 2008 limeweka kibao cha tarakimu dirishani kinachohesabu waliobaki. Nyumba zinageuzwa vyumba vya kupangisha kwa usiku. Mwaka 2024 wakaanza kutoza wageni wa kutwa euro 5 kwa baadhi ya siku za msimu. Maji nayo. Novemba 1966 yalipanda sentimita 194, Novemba 2019 yakafika 187, bamvua ikisukumwa na upepo wa kusini. Tangu Oktoba 2020 wana milango 78 ya chuma kwenye midomo mitatu ya lagoni, inalala chini na kuinuka maji yanapotishia. Ilichelewa miaka mingi na ikapata kashfa ya rushwa iliyolipuka 2014. Lakini siku tuliyokwenda uwanja ulikuwa mkavu.

Treni ya kurudi tulisimama mpaka Mestre. Picha nitaziweka nikipata intaneti yenye nguvu maktaba. Anayejua mtu aliyefika Tendaguru miaka ya karibuni aniandikie, dada anataka kwenda na mimi nimeshamwambia mama ategemee mgeni. Jumatano nina mtihani wa udongo, niombeeni.